Mdogo wangu ananukia embe

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni dada wa miaka 25, naishi Mtwara mjini. Nina kibanda cha vifaa vya simu karibu na soko: chaja, kava, spika ndogo, vocha. Nyumbani tuko wanne. Baba muda mwingi yuko shamba la korosho upande wa Tandahimba, na msimu ukianza ndiyo hatumwoni kabisa. Mama anachemsha ming'oko na karanga, anauza stendi. Halafu mimi na mdogo wangu wa kiume, ana miaka 16, yuko kidato cha tatu.

Jumapili iliyopita nilikuwa nafua. Kwenye mfuko wa suruali yake ya shule nikatoa kitu cha plastiki, rangi ya zambarau, urefu wa kidole. Kwa kazi yangu nikadhani ni pawabenki ya mtoto, nikakikung'uta maji nikakianika juu ya tofali. Mama akapita akasema, "Nani kaleta maembe mwezi huu?" Na huu ni mwezi wa nane, Shangazi, embe liko wapi? Nilipokinusa ndipo nikaelewa. Ni hizi sigara za umeme, vijana wanaziita vepu.

Jioni nikamuuliza. Hakukataa. Alionjeshwa mwaka jana na mwenzake ufukweni Shangani, tangu hapo hajaacha. Nikapiga kelele sana, nikamtajia mpaka ada. Akakaa chini sakafuni akasema, "Dada, nikivuta hiki ndiyo kichwa kinatulia." Kinatulia na nini? Akasema shuleni wana jina wanalomwita. Siwezi kuliandika hapa. Wameliandika kwenye dawati lake kwa kisu, na mwalimu mmoja aliliona akacheka. Mimi nikamwambia, "Sasa si uwaambie siyo kweli?"

Alinyamaza mpaka nikafikiri hakunisikia. Halafu akasema, "Ni kweli lakini, dada. Mimi sipendi wasichana. Nimejaribu."

Nikainuka nikasema naenda kuanua nguo. Nguo nilikuwa nimeshaanua zamani. Nilisimama uani pale gizani nikishika kamba.

Tangu siku ile sijazungumza naye la maana. Kile kitu nilimnyang'anya nikakificha ndani ya debe la unga, maana najua huko hatafuti. Sasa amekuwa mtu mwingine. Hasira, usiku halali, namsikia anageuka geuka, chakula anamaliza sufuria. Jana kagombana na mama kwa sababu ya soksi. Jumatano kwenye boksi langu la mauzo ilipungua shilingi elfu kumi na tano. Jirani mmoja ananiambia ni jini.

Mama haulizi kitu. Anamfunikia sahani yake kwa kawa, anakaa kumsubiri hata akirudi saa nne usiku, ndipo anakula naye. Siku moja kuna mtu alilisema lile jina kwa sauti pale uani kwetu, mama akaongeza sauti ya redio.

Tatizo ni mjomba. Sisi ni Wamakonde, neno la mjomba kwetu linapita la baba. Mjomba tangu zamani anasema jando halikumwingia huyu mtoto. Sasa anataka shule zikifungwa ampeleke kijijini kwa mganga, na anasema atamtafutia msichana "amchangamshe". Hajui ninachokijua mimi, anahisi tu.

Naomba unisaidie, Shangazi. Muuzaji mmoja aliniambia vepu ni mvuke wa maji tu wenye harufu, ni kweli? Je, hizi vepu ndizo zilizomharibu akawa hivyo? Nimwambie baba, au mjomba, kabla aibu haijatufikia? Na la mwisho naona haya kulisema: mtu anayeniletea mzigo kutoka Dar amenipigia wiki hii, anataka kuniachia katoni ya hizo hizo vepu. Faida yake inazidi chaja mara mbili. Sijamjibu.

Dada mtu, Mtwara

* * *

Marahaba, mwanangu.

Kabla ya yote, kitoe kile kitu kwenye debe la unga. Leo. Vitu vile huvuja, hasa vikishalowa maji ya kufulia, na maji yake ni nikotini iliyokolea, sumu kwa mtu akiimeza. Ule unga kama umeshaanza kunukia embe, usiusonge. Na usije ukakitupa jikoni kwenye mkaa kwa hasira; wewe unauza vifaa vya simu, unajua betri ya lithiamu ikipata moto inafanya nini.

Sasa tukae.

Hilo jini lina jina, vijana wa mjini wanaliita arosto. Ulimnyang'anya Jumapili, ukaniandikia Ijumaa. Mtu akikatiwa nikotini, siku ya pili na ya tatu ndizo zinazomchoma zaidi: hasira za bure, usingizi unakimbia, njaa, kichwa hakishiki kitu. Baada ya hapo hupungua kidogo kidogo, kwa wengi wiki tatu au nne. Yale ya soksi ndiyo hayo. Na ile elfu kumi na tano usiitafute kwa mganga pia, imeenda kununua nyingine, au imelipa deni la aliyonunuliwa.

Bibi yangu mimi, Mikindani, alikuwa akinusa ugoro. Alikuwa na kikopo kidogo cha bati anakifunga kwenye pindo la kanga. Alisema ugoro unamsafisha kichwa. Siku kikopo kilipopotea, nyumba nzima tulihama uani. Alitukana kuku. Alimtukana marehemu babu. Kikopo kilipoonekana chini ya mkeka akanusa mara moja, akapiga chafya, akasema, "Mnaona? Dawa hii." Nilikuwa mtoto nikaamini. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba maumivu ya kichwa aliyokuwa akiyatibu yalikuwa yanaletwa na kikopo kilekile.

Ndivyo lilivyo hilo neno la mdogo wako, "kichwa kinatulia". Hadanganyi, kinatulia kweli. Nikotini ikivutwa inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20. Lakini baada ya kama saa mbili nusu yake imeshatoka kwenye damu, na ubongo uliokwisha kuizoea unaanza kudai. Akivuta, anachokisikia zaidi ni deni limelipwa kwa saa mbili. Wewe mtoto wa mkulima wa korosho nitakueleza kwa lugha ya kwenu: nikotini ni kangomba. (Kwa msomaji asiye wa kusini: mkulima aliyeishiwa mwezi wa saba anachukua vijisenti kwa mtu, msimu ukifika analipa kwa korosho, kwa kipimo cha bakuli na kwa bei ya kutupa.) Mwenye kangomba anakuja akiwa na fedha mkononi siku ambayo hakuna mwingine anayekuja. Hilo la pili ndilo nataka ulishike, maana tutalirudia.

Kuhusu mvuke wa maji. Huyo muuzaji kakudanganya, au na yeye kadanganywa. Ndani mna betri, mna koili inayopata moto, na mna kimiminika: propilini glaikoli, glisarini, ladha, na nikotini. Kinachotoka ni ukungu wa dawa hizo, pamoja na chembe za metali zinazobanduka kwenye koili. Kitazame ubavuni. Kikiandikwa asilimia 5, maana yake kila mililita ina takriban miligramu 50 za nikotini, na kikibeba mililita 2 tu ni miligramu 100. Mvutaji wa sigara ya kawaida hupata kama miligramu 1 hadi 2 kwa sigara moja. Piga hesabu mwenyewe, wewe ndiye mwenye duka.

Sigara ya kwanza inakohoza mtu mpaka machozi, na wengi imewaokoa hapo. Hizi za sasa zimeondoa huo uzio: wanaitengeneza nikotini kwa namna ya chumvi, ukali unapungua kooni, wanatia embe, barafu, pipi. Vepu ya Juul ilipoingia sokoni Marekani mwaka 2015 na namna hiyo ya nikotini, haikuchukua miaka mitatu kabla ya shule za sekondari kule kujaa vepu. Na ubongo wa binadamu unaendelea kukua mpaka karibu miaka 25. Nikotini kwa mtoto wa 16 inakaa palepale panapojengwa umakini na kumbukumbu. Sitakuficha upande wa pili: hamna kitu kinachoungua, kwa hiyo hamna lami ya sigara, na mtu mzima aliyevuta pakiti kwa siku miaka ishirini akihamia huko moja kwa moja anapunguza sumu nyingi. Lakini mdogo wako hakuhama kutoka popote. Alikuwa hana, sasa anacho.

Hiyo ilikuwa sehemu nyepesi.

Umeniuliza kama vepu ndizo zilizomfanya "akawa hivyo". Hapana. Hakuna moshi unaomchagulia mtu wa kumpenda. Wewe mwenyewe umeandika kwamba kaonja mwaka jana, na mjomba analalamika tangu jando. Kipi kilitangulia? Shirika la Afya Duniani liliondoa jambo hili kwenye orodha yake ya magonjwa tarehe 17 Mei 1990. Simwombi shehe wenu abadili darasa lake, wala simwombi mjomba, nakuambia tu kwamba mganga hatapata cha kutibu, na mdogo wako anajua, kwa sababu amekuambia kwa neno moja: "Nimejaribu." Soma tena neno lile. Mtoto wa miaka 16 amejaribu peke yake, bila kumwambia mtu, jambo ambalo hata ninyi watu wazima hamjui lingejaribiwaje.

Ila kinyume chake kipo. Marekani, ambako wanafunzi wamekuwa wakiulizwa mambo haya kwenye madodoso yasiyo na majina, jibu limekuwa lilelile kwa miaka mingi: vijana wanaopenda wa jinsia yao, na wale ambao jinsia wanayojihisi siyo waliyoandikiwa wakizaliwa, huvuta sigara na vepu kuliko wenzao. Hawana mapafu tofauti. Mtafiti Ilan Meyer mwaka 2003 alilieleza kwa kusema kwamba walio wachache wanabeba msongo wa ziada juu ya ule wa kila mtu: matusi yenyewe, kuyasubiri matusi kabla hayajaja, kuficha, na mwisho kuamini wanachoambiwa. Kwetu sijui nani angejibu dodoso la namna hiyo. Lakini wewe umenijazia lako: dawati lililochorwa kwa kisu, mwalimu aliyecheka, na dada aliyekwenda kuanua nguo zilizokwisha kuanuliwa.

Usiudhike. Sikulaumu kwa kamba ile. Ulishtuka, ukatafuta pa kushika. Hukumpiga, hukumfukuza, hukumpigia mjomba simu usiku uleule. Wengi wamefanya vibaya zaidi ya kusimama gizani. Lakini leo ni siku ya ngapi? Yeye alikupa kitu kizito kuliko vyote alivyo navyo, na akaona mgongo wako. Siku tano hizi anasubiri kujua umekwenda nacho wapi.

Basi usimwambie baba. Usimwambie mjomba. Siri ile siyo yako, ni ya aliyekuamini. Na sisemi hivyo kwa adabu tu. Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu, kifungu cha 154, kuhusu kujamiiana kinyume cha maumbile, ina kifungo kisichopungua miaka 30 mpaka maisha. Kifungu kinahusu tendo, hakimhusu mtu na hisia zake, na mdogo wako hajakuambia tendo lolote. Lakini mtaani hakuna anayesoma kifungu. Mtaani neno likishatoka kwenye nyumba moja linapanda bodaboda. Wapo watoto waliofukuzwa nyumbani kwa kisa hiki na kwa neno la ndugu aliyekuwa "anatafuta ushauri". Ushauri umeutafuta kwangu, jina lako sijaliweka, inatosha.

La vepu, ndiyo, hilo laweza kuzungumzwa na mama. Ukilitaja lile la pili pamoja nalo utakuwa umeyafunga mambo mawili kamba moja, na kila siku atakayoshindwa kuacha moshi watu watasema "si unaona alivyo". Yatenganishe. Hata nyumba nzima ikimkubali kesho asubuhi kwa shangwe na vigelegele, arosto itaamka naye saa moja ileile. Na hata akiacha vepu leo jioni, kesho atalikuta dawati lake palepale.

Halafu mama yako. Mwanangu, mama anajua. Umeandika mwenyewe bila kusikia unachokiandika. Mtu haongezi sauti ya redio kwa neno asilolielewa. Haulizi kwa sababu akiuliza atajibiwa, na akijibiwa atalazimika kufanya kitu. Kwa hiyo anafanya kile kimoja anachokiweza, anafunika sahani na kumngoja ale naye saa nne usiku. Usimlazimishe aseme. Lakini ukimhitaji dhidi ya mjomba, nadhani utamkuta yuko tayari kuliko unavyofikiri.

Mjomba mtamkabili kwa shule. Hapo hana hoja. Mwaka huu ni wa maandalizi, mwakani ni mtihani wa taifa, kijana haendi kijijini kukaa kwa waganga, likizo ana masomo ya ziada na ana kazi kibandani kwa dada yake. Mama aseme hayo, wewe ukae kimya nyuma yake. Habari ya "msichana wa kumchangamsha" hiyo ndiyo imenitoa kwenye kiti. Msichana huyo ni binti wa nani? Akiwa chini ya miaka 18 sheria inaita ubakaji, awe amekubali au hakukubali. Mjomba akilitaja tena, mwulizeni mbele ya wazee anamtoa binti wa nyumba gani. Nimeona swali hilo likinyamazisha baraza.

Sasa namna ya kuacha, kwa sababu uliyoifanya wewe ya kunyang'anya na kuficha huwa haifiki popote. Anachoacha mtu kwa kunyang'anywa anakirudia kwa kuiba, na ameshaanza.

Mwulize kama anataka kuacha. Mwulize kweli, umngoje ajibu. Akisema hataki, usipige kelele. Mwambie utamuuliza tena baada ya wiki. Akisema anataka, mchague siku pamoja, isiwe wiki ya mtihani. Zile siku tatu za mwanzo mzipange kama mnavyopanga safari: nani atakuwa naye, atakuwa wapi. Ile hamu inapompanda haikai sana, ni dakika chache kisha inashuka kama wimbi. Kazi yote ni kuzipitisha hizo dakika. Maji ya kunywa, kutembea mpaka barabarani na kurudi, kitu cha kutafuna. Vepu inashika mkono na mdomo pamoja, kwa hiyo mpe kinachoshika vyote viwili, na kwenu kipo cha bure: kumenya ming'oko. Ming'oko haina haraka. Unamenya, unachovya kwenye chumvi na pilipili, unamenya tena, dakika kumi zimekwisha na hujala cha kushiba. Nacheka lakini sitanii.

Akivuta siku moja katikati, usihesabu upya kutoka sifuri wala usimwambie "nilijua". Mwulize ilikuwa saa ngapi na alikuwa na nani. Nakuwekea dau kwamba itakuwa baada ya kitu fulani kutokea shuleni.

Ikimshinda kabisa, kuna jojo na plasta za nikotini za kupunguzia makali, lakini kwa umri wake hizo ni za kupewa na daktari, msijinunulie. Nendeni hospitali ya rufaa ya mkoa pale Ligula, mwulizie huduma za afya ya akili, mseme shida ni nikotini, usingizi na kuonewa shuleni. Hayo matatu yanatosha kabisa kwa daktari kuanza kazi. Hamna ulazima wa kueleza la nne. Ipo pia namba 116, simu ya msaada kwa watoto, bure kwa nchi nzima. Anaweza kupiga mwenyewe kuhusu yale ya shule, na huko pia aseme anachotaka tu. Ila ukimsikia anasema bora asingekuwepo, au anaanza kugawa vitu vyake, hapo usisubiri ushauri wangu: usimwache peke yake usiku huo, na asubuhi mwende Ligula.

Shule. Dawati likwanguliwe. Nenda wewe, umevaa vizuri, uwaambie mdogo wako anatukanwa na samani ya shule imeharibiwa kwa kisu. Usitaje tusi lenyewe, sema "matusi". Mkuu wa shule anayependa dawati lake atafuatilia. Anayempenda mwanafunzi pia atafuatilia, ukibahatika.

Limebaki la katoni. Ulilitia mwisho kabisa kwa haya, na mimi ndilo lililonifanya nichague barua yako.

Mwaka 1995 kampuni ya sigara ya R.J. Reynolds ya Marekani iliandika mpango wa kuuza Camel katika jiji la San Francisco. Wateja waliolengwa walikuwa mashoga wa mtaa wa Castro na watu wasio na makazi wa Tenderloin. Mpango wao wakaupa jina la Project SCUM. Kwa Kiingereza neno hilo ni tusi, ni kama wewe uandike kwenye daftari lako la mauzo "mpango wa takataka". Nyaraka zilipokuja kuwekwa hadharani, waliolengwa wenyewe walizisoma. Watu wa kampuni walikuwa wanajua kabisa kwamba mtu aliyefukuzwa kila mahali atamshukuru yeyote anayemfungulia mlango, na wakaenda kusimama mlangoni na pakiti. Nilikuambia mwenye kangomba anakuja siku ambayo hakuna mwingine anayekuja.

Kwa hiyo yule mtu wa Dar mjibu leo, hapana. Sheria yetu ya bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18, lakini hata bila sheria, wewe unajua wateja wa kibanda chako wana umri gani. Unajua saa ngapi wanapita na wamevaa sare gani. Faida inazidi chaja mara mbili, naamini. Chaja inaharibika mteja anarudi baada ya miezi sita. Hii anarudi keshokutwa.

Jioni ya leo, mwanangu, usimwite mkae kikao. Watoto wa umri huu wakiitwa kikao wanajifunga kama konokono. Mkute anafanya kitu, osha naye vyombo, halafu sema kifupi: "Yale uliyoniambia sijamwambia mtu, na sitamwambia. Nilitoka nje kwa sababu nilishtuka, sikukukimbia." Kama una maneno zaidi ya hayo, yaweke. Asipojibu, endelea kuosha.

Na ile elfu kumi na tano, mdai. Usiisamehe kwa huruma. Ukianza kumwogopa na kumbembeleza atajua kuna kilichobadilika, na yeye anachotaka kujua ni kama bado ni mdogo wako yuleyule unayemgombeza akiiba. Mwambie atailipa kwa kukaa kibandani Jumamosi tatu, kuanzia asubuhi, simu za wateja azibadilishe vioo yeye kama anajua. Mama mwambie Jumamosi hizo awafungie ming'oko ya watu wawili, na pilipili aiweke pembeni.

Shangazi